Nikisahihisha Kidato cha Tatu B

Taa ya sola imebakiza nusu saa.
Nje, upepo wa Agosti unalikwangua bati la Kigwe
kama mtu aliyesahau ufunguo
(tashbihi; naiona, naiacha ipite,
usiku huu silipwi kwa za kwangu).

Karatasi arobaini na tatu
nimezigandamiza kwa kopo la maharage zisiruke.
Swali la kwanza: eleza maana ya kila tamathali, toa mfano.
Wengi wamenirudishia sauti yangu mwenyewe,
neno kwa neno, kama nilivyoandika ubaoni mwezi Machi
chaki ikinikatikia,
na mfano wa sitiari ni ule ule:
Juma ni simba.
Juma ni simba.
Juma ni simba.
Karatasi thelathini, simba thelathini,
na darasani hatuna Juma hata mmoja.

Halafu Zefania Mhawi,
wa dirisha lisilo kioo:
“Sitiari. Shangazi yangu ni stesheni.
Wote hushukia kwake, hakuna anayebaki.”
Kalamu nyekundu ikasimama.
Treni ya bara ikapita bila kupiga honi,
meza ikatetemeka, nami nikaweka vema
iliyopinda.

Yaredi, kwenye mubalagha, kaandika
baba yake hupakia magunia manne ya mkaa
kwenye baiskeli moja, akaisukuma mpaka Dodoma mjini.
Hii si mubalagha, Yaredi.
Nimempita barabarani, nimemhesabia.
Kosa.

Loi Masinga:
“Kejeli. Mfano: bomba letu.”
Basi. Hakuna maelezo, hakuna sentensi.
Nilikuwa nimeshaandika *fafanua* pembeni
nikainuka ninywe maji kwanza.
Kikombe kikagonga kitako cha ndoo: ko!
Nikarudi, nikafuta,
nikampa alama zote mbili.

Swali la tano, tunga ubeti wa tarbia,
mizani nane kwa nane.
Wengi wamelikimbia. Nyemo Chilongola hakukimbia:

*Wingu lanuna angani, mtama umesinyaa,*
*Debe tupu kisimani, kamba imeshachakaa,*
*Babu yupo mlangoni, hasemi, anashangaa,*
*Mbuzi Chisunga zizini, amekufa kwa njaa.*

Nikahesabu kwa vidole, kama ninavyowakataza.
Nane. Nane. Nane.
Utao wa mwisho una saba.
Nikarudia kwa sauti ndogo, mke wangu asiamke:
a-me-ku-fa kwa nja-a.
Saba.
Angeweza kuijaza, Nyemo anaijua kazi,
angeandika *amejifia*, angeandika lolote.
Nilikaa na pengo lile muda mrefu,
pana kama nafasi ya mbuzi mmoja
penye kamba.
Kanuni inasema nikate alama.
Nimekata. Kisha nikaongeza moja
mahali ambapo mkaguzi hatatazama.

Imebaki moja. Sechelela Ndahani.
Tashbihi, vema. Takriri, vema. Mwandiko kama mtama uliopepetwa.
Mwishoni kabisa:
“Mdokezo. Mfano: Baba alisema akifika Mererani
atapiga simu, na...”
Nukta tatu.
Chini yake nusu ukurasa mweupe.

Je, muda ulimwishia? Kengele?
Hapana. Karatasi yake niliichukua mimi.
Zilibaki dakika kumi;
kalamu ilikuwa imefunikwa, mikono iko mapajani,
alikuwa anatazama mlango.

Mdokezo, niliwaambia wanangu,
ni kauli iachwayo njiani kwa makusudi
msomaji aimalizie.
Na mimi ndiye msomaji, sina mwingine wa kumsukumia.
Nimejaribu: na akapiga. Na hakupiga.
Na simu ililia, akaipokea mwanamke.
Kila nikimaliza sentensi
mstari unakuwa mbovu kuliko ulivyokuwa.

Taa imezimika.
Kesho asubuhi nitakuta, kwenye kisanduku cha alama,
nukta moja nyekundu:
hapo kalamu ilipotua
ikangoja.